Kwa nini injini za jeti zilipandishwa kwenye ndege za mapanga

Mafundi vijana ninaowafundisha kazi ya injini huniuliza swali lilelile: kwa nini Rolls-Royce, watengenezaji wa injini, walipokuwa na jeti yenye nguvu kama Nene, waliifunga kwenye ndege ya mapanga (propela) iliyokwisha kuzoeleka? Jibu fupi ni kwamba injini ngeni ikizimika angani, lazima iwepo nyingine ya kukurudisha nyumbani.

Jibu refu lina utamu zaidi. Injini inayojaribiwa chini huvuta hewa nzito ya karibu na usawa wa bahari, ilhali katika kimo cha mita 10,000 hewa ni nyembamba na ya baridi kali, moto huzimika kwa urahisi ndani ya vyumba vya kuchomea, na mafuta ya taa hukataa kushika tena. Rubani aliye peke yake katika ndege ya injini moja hawezi kulichunguza jambo hilo kwa utulivu, kwa kuwa muda wote anaosoma mita zake anazidi kushuka.

Lancastrian, ndege ya abiria iliyotokana na ile ya mabomu ya Lancaster, ilikuwa na injini 4 za Merlin, za pistoni zinazozungusha mapanga, na nafasi tele ndani. Tarehe 14 Agosti 1946 Lancastrian yenye namba VH742 ilipaa ikiwa na Merlin 2 upande wa ndani wa mabawa na Nene 2 mahali pa zile za nje. Merlin zilitumia petroli na Nene zilitumia mafuta ya taa, kwa hiyo ndege moja ilibeba mifumo 2 ya mafuta isiyopaswa kukutana hata kwa tone. Ikishapata kimo, Merlin ziliweza kuzimwa na mapanga yake kugeuzwa makali yakabili upepo yasije yakaburuta, ndege ikaendelea kwa jeti tupu, na wahandisi wakabaki na mita zao. Jeti ikigoma, Merlin ziliwashwa, basi.

Baadaye ikaja Viking, ndege ya abiria ya kampuni ya Vickers iliyozoea kuruka kwa mapanga, ambayo mwezi wa Aprili 1948 iliruka kwa Nene 2 bila panga hata moja, na tarehe 25 Julai mwaka huo ikatoka London hadi Paris kwa dakika 34. Kilichowasumbua wabunifu, na mimi hukiona ndicho kitu cha kuvutia kuliko mwendo wake, ni miguu ya kutua, ile yenye magurudumu: bomba la kutolea moto lilipita palepale gurudumu lilipozoea kukunjwa, ikabidi kila injini iwekewe miguu 2, mmoja kila upande wa bomba.

Kampuni ya De Havilland nao waliipandisha jeti yao ya Ghost kwenye Lancastrian mwaka 1947, miaka 2 kabla Comet, ndege yao ya abiria ya jeti, haijaruka. Injini hizo za Ghost ndizo zilizobeba abiria wa safari ya kwanza ya ratiba ya jeti, tarehe 2 Mei 1952, kutoka London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe. Uwanja wa Entebbe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ya joto huinyima jeti sehemu ya msukumo wake hata kabla magurudumu hayajaacha lami.