Funga Kompyuta Kwanza: Kubuni kwa Ajili ya Uhalisia Pepe

Mbunifu aliyezoea simu na kompyuta huanza kazi kwa kuchora mstatili. Katika uhalisia pepe (VR), yaani ulimwengu wa kompyuta unaoonekana kupitia miwani maalumu, mstatili huo haupo. Aliyevaa miwani hiyo yumo ndani ya mchoro wenyewe: anageuka, anainama, anachungulia nyuma ya vitu, na mara nyingi anatazama kila mahali isipokuwa pale ulipoweka kitufe.

Kwa hiyo wanaokuja kujifunza kwetu huwa tunawaambia wafunge kompyuta kwanza. Mfano wa awali tunaoupenda unahitaji kiti, maboksi, uzi na karatasi. Mmoja anakaa, mwenzake anamning'inizia vitufe vya karatasi mbele yake, kisha anajifanya kompyuta: karatasi ikiguswa, anaiondoa na kuleta nyingine. Inachekesha, lakini dakika chache zinatosha kuliumbua wazo baya. Menyu iliyopendeza kwenye skrini inageuka adhabu ya bega, maana mkono ulioinuliwa bila egemeo huchoka upesi. Nayo shingo hugeuka kwa raha kama nyuzi 30 kila upande. Ukizidisha hapo, unamfanyisha mtu mazoezi.

Mwili umekuwa na neno tangu mwanzo. Kifaa cha kuvaa kichwani alichokionyesha mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland mwaka 1968 kiliunganishwa na mtambo ulioning'inia darini. Miwani ya leo ni myepesi, ila macho bado yanalalamika. Lenzi zake huyalazimisha kulenga umbali mmoja, kwa kawaida kati ya mita moja na mbili hivi. Ukimletea mtu maandishi sentimita 30 kutoka puani, macho yanakutana karibu huku yakilenga mbali, na kichwa kinaanza kuuma.

Baada ya karatasi, ingia kwenye programu, lakini kwa maboksi ya kijivu tu, badala ya vitu vilivyochorwa kikamilifu. Sababu si uvivu. Kichefuchefu huja pale macho yanaposema tunakwenda na sikio la ndani linasema tumetulia, na picha inayochelewa kuufuata mgeuko wa kichwa huzidisha hali hiyo. Wabunifu hulenga ucheleweshaji usiozidi milisekunde 20; kwa fremu (yaani picha) 90 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 11 tu za kuchorwa. Boksi la kijivu ni jepesi kwa kompyuta kulichora. Tena huonyesha vipimo vya kweli: mlango uliouona wa kawaida kwenye skrini unaweza kukutokea mrefu kama lango la ngome.

Uhalisia ulioongezwa (AR), unaoweka vitu vya kompyuta juu ya mahali halisi, una kero nyingine, kwa kuwa chumba ni cha mtumiaji. Meza ya kioo huichanganya kamera, jua hufifisha picha kwenye miwani inayopitisha mwanga. Rekodi video ya mahali halisi, chora juu yake, kisha rudia penye giza na penye vurugu za vitu.

Wakati wa majaribio, usiwategemee wenzako wa ofisini, wamekwisha kuzoea. Tafuta mfupi, mwenye miwani ya macho, anayetumia kiti cha magurudumu, anayetumia mkono mmoja. Akianza kutoka jasho au kupiga miayo, kichefuchefu kinakuja: mvue kifaa hapo hapo. Na tazama miguu: kitu kikimsogelea naye akarudi nyuma hatua moja, umekiweka karibu mno, hata kama mdomoni anasema kiko sawa.