Je, wajua kwa nini mstari wa kipimo cha malaria hausombwi na maji?

Kidole kimechomwa, tone la damu limeingia kwenye kitundu cha kile kikasha cheupe cha plastiki, matone ya bafa, kile kimiminika cha kipimo, yamefuata, na sasa mnasubiri dakika 15 au 20. Ukiwa na subira ya kukitazama badala ya kuchezea simu, utaona wekundu ukitambaa juu ya ukanda mweupe, ukipita kidirishani na kutokomea upande wa pili. Kimiminika chote kinapita. Lakini penye herufi C, na kwa mgonjwa penye T pia, wekundu unakwama na kujipanga mstari mwembamba, umenyooka kama uliopigwa rula. Maji yaliyosomba kila kitu yameshindwa kuusomba huo. Unashikwa na nini?

Mstari wenyewe ulikuwapo tangu kiwandani, ila hauna rangi. Mashine iliuchora kwa kimiminika chenye kingamwili, yaani protini za kinga zinazodaka kitu maalumu, ukakaushwa, ukafungiwa kwenye pakiti. Unachokishuhudia zahanati ni mstari wa zamani ukipakwa rangi.

Na rangi yenyewe ni dhahabu, hii hii ya pete na hereni. Ikiwa katika chembe za nanomita 20 hadi 40 (milimita 1 ni nanomita milioni 1), dhahabu haing'ai njano tena, huonekana nyekundu. Mwanasayansi Michael Faraday aliuchunguza wekundu huo London na kuandika kuuhusu mwaka 1857. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa Royal Institution, taasisi ya sayansi ya huko London, mpaka leo. Ndani ya kipimo, kila chembe ya dhahabu imevishwa kingamwili. Damu ikiwa na vimelea vya *Plasmodium falciparum*, huwa na protini yao iitwayo HRP2. Kingamwili ya dhahabu huidaka protini hiyo upande mmoja, zinasafiri pamoja, na zikifika T kuna kingamwili nyingine, iliyokwama pale, inayoidaka upande wa pili. Chembe zikirundikana za kutosha, jicho linaona mstari.

Mvuvi wa pwani anayetega wando, yaani ua wa nguzo wa kunasia samaki, ataelewa haraka. Nguzo zikisimikwa barabara kwenye tope, maji yakipwa samaki hubaki. Nguzo zikilegea, zinaondoka na samaki wao. Habari za vipimo hupenda kusifu ufundi wa kunasa. Mimi uhondo nauona kwenye nguzo. Kingamwili ina urefu wa nanomita 10 hadi 15 tu. Unaisimikaje juu ya ukanda ili isiondoke na maji, na wakati huohuo isife?

Ukanda wenyewe ni nitroselulosi, yaani selulosi ya pamba au mti iliyopitishwa kwenye asidi ya nitriki. Si kitu kigeni duniani. Christian Schönbein aliitangaza mwaka 1846 kama baruti ya pamba, na baadaye filamu za sinema za kale zilitengenezwa kwayo, ndiyo maana zilikuwa zikishika moto ovyo. Kwenye kipimo haina hatari hiyo ya kutisha, na sifa inayotafutwa ni nyingine: inanasa protini kama ulimbo unavyonasa ndege. Vikundi vya nitrati vilivyomo vina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo, na uti wa protini una hali hiyohiyo, hivyo vinavutana. Kisha protini zina sehemu zinazokwepa maji, nazo hujibanza kwenye ukanda. Mvuto mmoja ni dhaifu. Mamia kwa pamoja, baada ya kukaushwa, ni vigumu kuyang'oa. Hakuna gundi iliyotumika.

Shida ni kwamba ulimbo hauchagui. Kingamwili ina umbo la herufi Y, na mikono yake miwili ya juu ndiyo inayodaka. Ikidondoka ukandani, nyingine husimama wima, nyingine hulala ubavu, nyingine huanguka kichwa chini na mikono yake ikabanwa isifanye lolote. Nyingine huvutwa kwa nguvu hadi zikafumuka na kupoteza umbo, na protini iliyopoteza umbo imepoteza kazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kingamwili za bei ghali zilizochorwa pale hazifanyi kitu. Watengenezaji hukabiliana na hilo kwa kuongeza wingi, jambo ambalo kwangu ni sawa na kutupa mchele mwingi kwa kuwa kuku wengine ni vipofu. Lakini linafanya kazi.

Ulimbo huohuo una kosa la pili: ungenasa hata kingamwili za dhahabu zinazopita, ukanda mzima ukawa mwekundu. Basi mara nyingi nafasi zilizobaki wazi huzibwa na protini isiyo na habari na malaria. Katika maabara nyingi protini hiyo hutoka kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Sukari nayo ipo. Hukaushwa pamoja na zile kingamwili za dhahabu ili zisifumuke kwa ukavu, na maji yakifika inayeyuka na kuziachia.

Sasa, kwa nini kuhangaika kushikiza? Si kingamwili zingeelea tu ndani ya damu? Ndivyo ilivyokuwa. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, New York, walipobuni kipimo cha insulini kwa kutumia kingamwili na mionzi mwishoni mwa miaka ya 1950, kila kitu kilielea kwenye mrija, na kazi ngumu ilikuwa kutenganisha vilivyoshikana na vilivyo huru. Mwaka 1967 Kevin Catt na Geoffrey Tregear, Australia, walitumia jambo dogo lenye faida kubwa: kingamwili hunata zenyewe kwenye plastiki. Ipake mirija kingamwili, weka sampuli, kisha mwaga na suuza. Kilichonaswa kimebaki, kisichohusika kimekwenda na maji. Miaka minne baadaye, Stockholm, Eva Engvall na Peter Perlmann wakaweka kimeng'enya, yaani protini inayochochea mmenyuko wa kikemia, mahali pa mionzi, na hivyo ikazaliwa ELISA, ambayo maabara za hospitali zinaitumia hadi sasa.

Ila ELISA huchukua saa kadhaa, na mRDT, yaani hiki kipimo chetu cha haraka cha malaria, dakika 15. Tofauti hiyo haitokani na kingamwili kuwa hodari zaidi. Inatokana na umbali. Protini iliyoachwa yenyewe ndani ya maji hutangatanga kama mlevi, mbele na nyuma, na kwa protini ya ukubwa wa kawaida kusogea mikromita 10 huchukua kama sekunde 1. Milimita 1 ni mbali mara 100, lakini muda hauongezeki mara 100. Unaongezeka mara 10,000, karibu saa 3. Katika kishimo cha sahani ya ELISA, protini iliyo juu ina milimita nzima ya kutangatanga kabla haijagusa ukuta wenye kingamwili. Kwenye nitroselulosi, maji yanapenya vitundu vya mikromita 10 hivi, na kila upande wa kitundu una kingamwili. Protini haina pa kupitia bila kukaribia mtego. Uso uleule ulionyoosha mstari ndio uliokata muda.

Kuna njia safi zaidi za kusimika nguzo. Ute wa yai una protini iitwayo avidini inayoishika vitamini bayotini kwa nguvu zisizo za kawaida, kiasi kwamba anayekula mayai mabichi kupita kiasi kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa na vitamini hiyo. Mafundi wa maabara wakaigeuza kuwa bizimu: uso unapakwa avidini, au ndugu yake wa kibakteria streptavidini, na kingamwili inafungwa bayotini mahali pamoja palipochaguliwa, mbali na mikono. Ikitua, inatua wima. Kwenye dhahabu hutumika salfa, kwa kuwa chembechembe zenye salfa mwishoni hujipanga zenyewe juu ya dhahabu kama mabua shambani, na molekuli inayotakiwa inafungwa kileleni. Bayosensa nyingi za maabara, yaani vihisi vinavyotumia molekuli za viumbe, hujengwa hivyo.

Bayosensa iliyoingia majumbani kuliko zote, hata hivyo, ni ya kisukari. Leland Clark alieleza wazo lake mwaka 1962: kimeng'enya glukosi oksidazi kizuiwe kati ya tando nyembamba mbele ya elektrodi, na umeme useme sukari ni kiasi gani. Kijiti cha glukomita hutumika mara moja na kutupwa, kwa hiyo kimeng'enya kinaweza kukaushwa tu juu yake. Kihisi kinachovaliwa mkononi kwa wiki mbili ni habari nyingine. Kimeng'enya kikilegea na kuvuja hata kidogo, kila siku kifaa kingeonyesha sukari pungufu ya ile iliyopo, na mgonjwa angeamini.

Turudi kwenye kikasha cha malaria, maana kuna jambo ambalo watu wengi hulipitia. Mstari wa C hauna habari na malaria. Mara nyingi umechorwa kwa kingamwili ya mbuzi inayodaka kingamwili za panya, na zile za kwenye dhahabu hutoka kwa panya. Ukitokea, unakuambia kwamba kimiminika kimefika na dhahabu imesafiri. Hausemi lolote kuhusu hali ya kingamwili za T, ambazo ni nyingine na zilichorwa kivyake. Vipimo vilivyokaa ndani ya gari juani vikizidi joto lililoandikwa kwenye boksi, au pakiti iliyofunguliwa asubuhi ikatumika jioni, unyevu ukiwa umeshaingia, vinaweza kuonyesha C nzuri yenye kung'aa huku kingamwili za T zimeshafumuka, zimeng'ang'ania ukanda vilevile, hazidaki kitu.