Nyenzo na mbinu: kuisoma picha ya karatasi isiyo na maelezo

Umerithi picha ndani ya fremu. Haina jina wala tarehe, na unataka kujua ni kitu gani hasa. Kuna mambo mawili ya kutafuta. Nyenzo ni kile kilichoacha alama kwenye karatasi: penseli, mkaa, wino, rangi ya maji. Mbinu ni njia ambayo alama hiyo ilifika pale. Wino wa kalamu na wino wa chapa (picha iliyokandamizwa kwenye karatasi kutoka ubao, bamba au jiwe) vyote ni wino, ila kazi ni mbili tofauti kabisa, na thamani yake pia.

Itoe picha kwenye fremu kama inatoka bila kuchanika. Usiiguse kwa kidole kilicholowa, maana rangi ya maji huyeyuka papo hapo. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 kama ile ya sonara, kisha weka taa ubavuni ili mwanga upite juu juu ya karatasi. Sasa jiulize: wino umekaa wapi?

Kwenye chapa ya mbao, wino hubebwa na sehemu zilizoachwa juu baada ya kuchonga. Ubao ukikandamizwa, wino husukumwa pembeni, kwa hiyo kingo za mstari huwa nzito kuliko katikati yake. Geuza karatasi, mara nyingine mistari imetunisha mgongo wake.

Chapa ya bamba la shaba ni kinyume. Wino hujazwa ndani ya mifereji, na karatasi yenye unyevu hulazimishwa kuufuata humo. Mstari hutuna juu ya karatasi, na bamba lenyewe huacha mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha. Mbonyeo huo ni dalili nzuri, lakini wapo waliokata kingo za karatasi, na wapo walioubandika kwa makusudi kwenye nakala za kawaida. Uamini mstari kwanza. Uliochongwa kwa chuma huishia kwa ncha kali, ilhali ulioliwa na asidi huwa na ncha butu na hutembea huru kama mwandiko. Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, aliipenda sana asidi. Msanii George Lilanga wa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, naye alitengeneza chapa za asidi, na mtu asiye na lenzi anaweza kuzidhania michoro ya kalamu.

Inayodanganya kuliko zote ni chapa ya jiwe, aliyoibuni Alois Senefelder huko Ujerumani miaka ya 1790. Hutegemea mafuta kukataana na maji, hivyo haichongi kitu na haiachi tuta wala bonde. Ikichorwa kwa chaki ya mafuta, hufanana mno na mchoro wa mkono. Inamisha karatasi: penseli hung'aa kijivu, wino wa chapa haung'ai hivyo. Tazama sahihi kwa njia hiyohiyo, kwani nyingine zimechapwa pamoja na picha. Ukiona nukta zimejipanga kwa safu sawasawa, hiyo ni nakala ya kiwandani, hata kama pembeni pameandikwa 12/50, yaani nakala ya 12 kati ya 50.

Ukibaki na shaka kati ya mbinu mbili, andika ulichokiona tu: "wino mweusi kwenye karatasi". Atakayekuja na lenzi bora ataongeza neno moja, na hatalazimika kufuta lako.