Lipu ya saruji inaua nyumba za mawe

Kila nikiitwa kutazama nyumba kongwe Mji Mkongwe, Zanzibar, maneno ni yale yale: "Fundi, ukuta unaliwa na chumvi, piga saruji tumalize kazi." Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Sasa nimechoka.

Saruji ni ngumu, hilo sibishi. Lakini jiwe la matumbawe halitaki ugumu, linataka kupumua. Lina matundu, linanyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha linayatoa kupitia lipu ya chokaa. Maji yakikauka yanaacha chumvi kwenye lipu, lipu inamomonyoka, unaikwangua na kupiga nyingine. Kumomonyoka ndiyo kazi yake! Inaliwa yenyewe, ukuta usiliwe. Ukiziba kwa saruji, maji hayaendi popote ila juu, na chumvi inaganda kwa nyuma, ndani ya jiwe.

Nyumba ya wiki iliyopita ni ya enzi za Waingereza. Niligonga lipu yake ya saruji ikalia kama debe tupu. Nikabandua kipande cha ukubwa wa sinia. Nyuma yake jiwe limekuwa unga, nikauchota kwa kiganja. Juu kidogo, pale boriti inapoingia ukutani, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Boriti hizo za mikoko ndizo zilizobeba dari yote.

Wengine hunijibu: mbona Waingereza wenyewe walitumia saruji? Walitumia, na vyuma pia. Lakini majumba mengi waliyakuta yamesimama. Hata Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la 1883, waliligeuza ofisi zao. Usitazame nani alikaa ndani, tazama ukuta umejengwa kwa kitu gani.

Kinachonisumbua mimi ni saruji ya zamani iliyokwisha kushika. Ukiibandua inang'oka na uso wa jiwe. Ukiiacha, unyevu unabaki. Sina kanuni moja: nagonga, nasikiliza, naamua, na kuna mara nimebandua nikajuta.

Chokaa yenyewe iloweke mapema, ipige nyembamba, tabaka kwa tabaka, na usiiache ikauke ghafla kwa jua. Inashika polepole kwa kuvuta hewa. Anayetaka kumaliza kwa siku tatu asiniite.

Mwenye nyumba amekubali ukuta mmoja kwanza, ule wenye boriti iliyooza. Tunaanza masika yakikatika.