Kamera ya utumbo mpana ikitoka safi, urudi lini?

Kila Machi, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya utumbo mpana, kitengo chetu hupokea watu waliokwisha kupimwa kwa kamera wakakutwa safi, na bado wanataka kurudia kila mwaka. Hofu yao tunaielewa, hasa kwa aliyemuuguza mzazi. Lakini kwa asiye na dalili wala historia ya ugonjwa huu katika familia, jibu ni miaka 10.

Saratani hii huanzia kwenye kinyama kidogo kinachoota ukutani mwa utumbo, na mara nyingi kinyama hicho huchukua miaka 10 au zaidi kugeuka saratani. Kupitisha kamera kila mwaka kunakuongezea tu hatari, ndogo lakini ya kweli, ya utumbo kuvuja damu au kutoboka.

Miaka hiyo 10 haihesabiki kama kamera haikufika mwisho, pale tundu la kidole tumbo linapoonekana, au kama utumbo ulikuwa na uchafu. Mgonjwa mmoja alidhani yuko salama kwa sababu aliambiwa “hakuna tatizo”. Tulipofungua ripoti, mstari wa tatu ulisomeka: maandalizi duni. Huyo hurudia ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo usituletee maneno, tuletee ripoti yenyewe. Siku moja kabla ya kipimo, kunywa maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa tu. Dawa ya kusafisha tumbo, nusu jioni, nusu alfajiri, mpaka utoe maji ya manjano yasiyo na chembe. Mbegu za mapera na pasheni ziache siku kadhaa kabla, kwani huziba mrija wa kufyonzea. Aliyekula ugali usiku tunamwahirisha na kumpangia tarehe nyingine, hata akiwa ametoka mkoani. Kutusihi mlangoni hakubadilishi kitu.

Kama mzazi, ndugu au mtoto wako aliugua saratani hii kabla ya miaka 60, rudi kila miaka 5. Aliyekutwa na kinyama cha milimita 10 au zaidi kwa kawaida hurudi baada ya miaka 3.

Linaloniumiza ni mtu anayeona damu chooni na kujibu: “Si nilipimwa juzi tu?” Ratiba hii ni ya asiye na dalili. Damu kwenye choo, haja kubadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, kupungukiwa damu: njoo wiki hiyo hiyo, hata kama kamera ilipita mwaka jana.