Mita kusoma 12 sio kwamba taa inapata 12: maneno ya fogi ninayoyasikia kila siku Makambako

Mwezi wa sita ukiingia na ukungu ukianza kulala njia ya Njombe, hapa kwetu Makambako gari za fogi, yani taa za ukungu za mbele, zinapanga foleni. Mtu kanunua seti dukani kafunga mwenyewe, au kafungiwa na dogo wa jirani, zimewaka wiki mbili vizuri halafu zinafifia au zinazima kabisa. Kufungwa vibaya hakunisumbui, ndio kazi yetu kurekebisha. Kinachonichosha ni sentensi moja, nimeisikia juzi asubuhi, nikaisikia tena jana jioni kwa mtu mwingine kabisa, nikasema leo naandika.

"Fundi, umeme unafika, nimepima mwenyewe mita inasoma 12, balbu ndio mbovu"

Hapana jamani. Umechomoa soketi kwenye balbu, umechokoa nchani na mita, umeona volti 12, umefunga hesabu. Ulichokipima hapo ni kwamba waya haujakatika kabisa, basi. Mita haili umeme, kinachopita ndani yake ni kidogo mno, kwahiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja, hata temino (kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) iliyooza mpaka ikawa kijani, itakusomea 12 safi. Sasa rudisha balbu ya wati 55, hiyo inataka ampia 4 na nusu, na ule uzi mmoja hauwezi kuzipitisha bila kula volti. Ukinzani wa nusu ohmu tu, yani kutu ambayo hata huioni kwa macho, ampia 4 zikipita hapo unapoteza volti 2 nzima. Na balbu ya halojeni ikishuka kutoka volti 12 mpaka 10 haipungui kidogo, mwanga unakata karibu nusu.

Huyo wa juzi anaendesha Noah, anabeba abiria wa Njombe alfajiri, kaja kashika mfuko wa nailoni una balbu ndani. "Kaka nisaidie, hii ni pea ya tatu, zote feki." Nikachukua zile balbu moja moja nikazigusisha kwenye betri, zote sita zikawaka nyeupe pee. Yani kijana wa watu kalipia pea mbili za ziada bure, hata ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

Nikamwambia tupime taa ikiwa INAWAKA, soketi iko mahali pake, unachokoa kwa nyuma ya soketi. Betri 12.3. Kwenye taa 7.9. Volti 4 na zaidi zimeenda wapi? Hapa ndipo watu wengi wanaanza kufukuza waya wa moto kutoka betri mpaka swichi, wanafungua dashibodi, wanamaliza nusu siku. Sisi tulifanya vipimo viwili tu. Cha kwanza, mchokoo mmoja kwenye nguzo ya chanya ya betri, wa pili kwenye waya wa moto pale kwenye taa: 0.3. Nzuri, upande wa moto hauna shida. Cha pili, mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya mweusi wa taa: 4.1. Tatizo limejitaja lenyewe, arthi, yani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri.

Kufuata ule waya mweusi nikakuta umebanwa na skrubu ya bati kwenye kile chuma kinachoshikilia taa nyuma ya bampa. Kile chuma kimepakwa rangi, skrubu imeshika kwenye rangi, na chuma chenyewe kimefungwa kwenye bodi ambayo nayo ina rangi. Umeme unarudi kwa kupenya kwenye meno ya skrubu tu. Mwanzo meno yalikuwa mapya yakagusa, mvua mbili tatu zikaingia kutu, ndio mwisho wa hadithi. Nikavuta waya mweusi mpya kutoka taa zote mbili mpaka kwenye hasi ya betri yenyewe, nikabana temino za duara kwa plaizi yake, nikapima tena: 11.8 kwenye taa. Balbu ni zile zile za pea ya kwanza.

Kwahiyo nasema na nitazidi kusema, arthi SIO popote penye chuma. Kama lazima uifunge kwenye bodi basi piga msasa mpaka bati ling'ae, weka bolti na nati sio skrubu, na ile ringi ya washa yenye meno, ukishakaza ndio unapaka grisi juu kuzuia maji, usipake kabla. Mimi binafsi siku hizi bodi siiamini, gari nyingi zinazokuja hapa zimeshanyooshwa na kupakwa rangi upya mara kadhaa hujui chini kuna nini, mita mbili za waya ni pesa ndogo kuliko pea tatu za balbu. Na ukipima ujue kiwango, upande wa moto usizidi 0.5, upande wa arthi usizidi 0.2. Ikizidi hapo kuna sehemu imeshika vibaya, gawanya njia vipande vipande utaipata.

Dalili nyingine ya arthi mbovu ambayo watu wanaiona lakini wanaiita shoti: ukiwasha fogi, indiketa au parking inawaka kwa mbali. Umeme umekosa njia ya kurudi nyumbani, umepitia kwenye taa ya jirani waliyochangia arthi. Hiyo sio shoti, usianze kukata waya.

"Fyuzi ikikatika katika weka kubwa, ya 30 haitakusumbua"

Ni kweli haitakusumbua, kitakachokusumbua ni waya. Fyuzi haikuwekwa kulinda taa, imewekwa kulinda waya, na taa mbili za wati 55 zinakula ampia 9 na kitu, kwahiyo fyuzi ya 15 inatosha kabisa na inabaki. Kama inakatika, kuna waya unagusa bodi mahali. Ukiweka 30 au ukizungushia karatasi ya sigara, ule waya mwembamba wa kwenye seti ndio utageuka kuwa fyuzi, na umepita karibu na nyaya zako zote za mbele. Nimeshafungua boneti nikakuta nyaya zimeyeyuka zikashikana kama mshumaa, halafu mwenye gari ananiambia nimpunguzie bei.

Tafuta shoti hivi: chomoa soketi za taa zote mbili, toa fyuzi, mahali pa fyuzi unganisha balbu ya indiketa ya wati 21, washa swichi. Balbu ikiwaka kwa nguvu shoti ipo. Sasa pita na mkono unatikisa waya taratibu kuanzia kwenye rilei (kile kiboksi kinachowasha taa kwa amri ya swichi) kwenda mbele, pale utakapotikisa ikazima ndio hapo hapo. Mara nyingi ni kwenye ukingo wa bati nyuma ya bampa au kwenye feni ya rejeta. Na fyuzi yenyewe ikae karibu na betri, ukiiweka kule mwisho karibu na taa, waya wote wa kabla yake hauna ulinzi.

"Rilei nzima, inalia tak"

Tak ni koili, yani sumaku ya ndani ya rilei, imevuta. Meno ya ndani yanayopitisha ampia yanaweza kuwa yameungua meusi na bado ikalia vizuri sana. Taa zikiwa zimewashwa pima kati ya mguu 30 na 87 (namba zimeandikwa kwenye rilei yenyewe), ikikupa nusu volti au zaidi tupa hiyo rilei.

"Nimefunga kama mchoro lakini zinawaka nikizima na zinazima nikiwasha"

Una rilei ya miguu mitano na umeshika 87a badala ya 87. Hamisha huo waya mmoja tu. 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda taa, 85 arthi, 86 swichi. Usiguse kingine.

"Waya ni waya"

Chubua waya wa seti za bei rahisi, kwangua nyuzi zake kwa kisu. Juu nyekundu ndani nyeupe, hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, inapitisha umeme kidogo kuliko shaba yenyewe na ukiikunja mara chache inakatika ndani ya plastiki huku nje unaona mzima. Nunua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, na vile vibanio vya plastiki vya bluu vinavyouma waya wa gari katikati usiviweke kabisa mbele ya gari, vinakata nyuzi na vinakaribisha maji.

"Weka za njano, zinatoboa ukungu"

Matone ya ukungu ni makubwa mno kwa rangi ya mwanga kuleta tofauti, njano na nyeupe zote zinatawanywa karibu sawa. Njano wengine inawapumzisha macho, sawa, weka ukipenda. Kinachosaidia ni taa kukaa chini na mwanga wake kulala bapa na kwa upana, upite chini ya macho yako usikurudie. Ukizifunga juu ya grili au ukaziinua kidogo "zimulike mbali", ukungu wa Njombe utakuwekea ukuta mweupe mbele ya kioo hata kama waya wako ni safi na mita inasoma vizuri kila mahali. Paki gari mita tano kutoka ukutani jioni, ukingo wa juu wa mwanga uwe chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe, ndio ukaze nati.