Henry Briggs, mtu aliyezikokotoa logi zetu

Uliza darasa lolote nani aligundua logi, zile namba zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, utajibiwa John Napier, na jibu ni sahihi. Ila logi zilizomo katika kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, kile ambacho wengi wetu tulikibeba sekondari, si zile za Napier. Ni za Mwingereza Henry Briggs. Mimi nafundisha hesabu za kukadiria, na kila ninapoirudia kazi yake naona bado hatujampa haki yake.

Alizaliwa 1561 karibu na Halifax, Yorkshire, akasoma Cambridge. Mwaka 1596 akateuliwa kuwa profesa wa kwanza wa jiometri wa Gresham College, London, chuo ambacho mihadhara yake ilikuwa wazi kwa umma. Rafiki yake mmoja alikuwa Edward Wright, mtaalamu wa hesabu za ubaharia. Nalitaja hilo kwa sababu mabaharia na wanafalaki ndio walioumia zaidi na kuzidisha namba ndefu kwa mkono.

Napier, bwana wa Merchiston huko Uskoti, alitoa kitabu chake cha logi mwaka 1614. Briggs alikisoma akawa kama aliyewashwa moto. Kiangazi cha 1615, akiwa na umri wa miaka 54, alisafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Edinburgh kumwona mwenyewe. Alikuwa na hoja. Katika logi za Napier, logi ya 10,000,000 ilikuwa sifuri, na kadiri namba inavyopungua ndivyo logi inavyokua. Kuzidisha kwa 10 kulidai kujumlisha au kutoa namba ndefu isiyokumbukika. Briggs alitaka 10 iwe ndiyo nguzo, yaani namba ya msingi ambayo logi zote zinahesabiwa kwayo. Napier alikuwa amekwisha kufikiria mabadiliko, akaongeza kwamba logi ya 1 ndiyo iwe sifuri. Briggs aliandika baadaye, waziwazi, kwamba wazo la Napier lilikuwa bora kuliko lake. Alimtembelea tena 1616, na angekwenda mara ya tatu, lakini Napier alifariki Aprili 1617.

Kwa hiyo kazi yote ya kukokotoa ikabaki kwa Briggs, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Unapataje logi ya 2 wakati hakuna jedwali popote duniani?

Alianza na 10, ambayo logi yake ni 1. Akatafuta kipeuo chake cha pili, 3.16227766, ambacho logi yake lazima iwe 0.5. Akatafuta kipeuo cha hicho, 1.77827941, logi 0.25. Akaendelea hivyo mara 54, akibeba tarakimu zaidi ya 30, kwa kalamu na karatasi, mpaka akafika kwenye namba inayoizidi 1 kwa kiasi kidogo sana: desimali yenye sifuri 15 kabla ya tarakimu ya kwanza. Huko chini aligundua jambo zuri: kile kiziada kilichoizidi 1 na logi yake vinakwenda sambamba, uwiano wao haubadiliki. Logi ni kiziada mara 0.4342944819.

Sasa ifuate njia yake kwa kikokotoo. Kwa 2 alichagua kwa akili: 2 ikizidishwa yenyewe mara kumi hutoa 1024, basi akaishika 1.024, ambayo tayari iko karibu na 1. Yeye alitafuta vipeuo 47. Wewe tafuta vinne tu. Utapata 1.00148338. Chukua 0.00148338, zidisha kwa 0.4342945, kisha zidisha kwa 16 ili kurudisha vile vipeuo vinne, maana kila kipeuo hugawa logi kwa 2. Inakuja kama 0.010308. Jumlisha 3, kwa kuwa 1024 ni 1.024 mara elfu, halafu gawanya kwa 10. Jibu ni 0.30103, ambalo jedwali lako la tarakimu nne huliandika 0.3010.

Katika kurudia vipeuo hivyo aliona pia kwamba kila kiziada kinakaribia nusu ya kilichotangulia, na upungufu wake nao una mpangilio. Akaanza kupata vipeuo vya mbele kwa kutoa tofauti tu, bila kuvikokotoa upya. Hizo ni hesabu za tofauti, miongo kadhaa kabla ya Newton.

Mwaka 1617 alichapisha logi za namba 1 hadi 1,000, kila moja kwa nafasi 14 za desimali. Mnamo 1619 Henry Savile alimpa kiti kipya cha jiometri Oxford. Mhadhara wake wa kwanza ulianzia pale pale Savile alipoishia kufundisha kitabu cha jiometri cha Mgiriki wa kale Euclid. Kisha 1624 kikaja kitabu chake Arithmetica Logarithmica: namba 1 hadi 20,000, na 90,001 hadi 100,000, zote kwa desimali 14. Pengo la namba 70,000 katikati lilizibwa na Adriaan Vlacq kule Gouda, Uholanzi, mwaka 1628, kwa desimali 10. Briggs alifariki Oxford Januari 1630 kwa kalenda ya Waingereza wa wakati huo, akiacha majedwali ya trigonometria ambayo Henry Gellibrand aliyakamilisha na kuyatoa 1633.

Majedwali mengi yaliyofuata yalichota kwa hao wawili, Briggs na Vlacq. Mwaka 1924, miaka 300 kamili baada ya kitabu kile, Mwingereza A. J. Thompson alianza kuchapisha logi zilizokokotolewa upya kwa desimali 20. Sehemu ya mwisho ilitoka 1952.